Nilimkimbia Wifi Yangu Akiwa Majini

"Anakimbia! Mshikeni huyo!"

Sauti ya kaka yangu hiyo. Kaka wa tumbo moja!

Na kweli nilikuwa nakimbia. Nyuma yangu boti yake ya betri ilikuwa imezama palepale gatini, waya wa chaji bado umechomekwa... na mkewe yuko majini, mikono imekakamaa, hata kupiga kelele hawezi.

Alikuwa ameruka kuokoa mizigo ya abiria.

Kabla sijakimbia, kaka alitaka kumfuata. Nilimpiga kumbo, akaanguka chali.

"Usiguse maji! Yana umeme!"

"Unataka afe! Si humpendi?"

"Ukiingia mtakufa wawili, mjinga wewe!"

Nikatimua mbio. Watu wakanizomea, "Muuaji!" Mmoja akanirushia kiatu!

Nyie mnaosoma hapa, mngenirushia pia, msijifanye. Mwezi mzima mimi na wifi tulikuwa hatusalimiani, na gati zima linajua.

Nikafika kibanda cha chaji, nikashusha swichi kuu.

"Sasa ingieni! Mvuteni!"

Wakamtoa. Akatapika maji, akakohoa... yuko hai! Nikakaa chini.

Wale wale wazomeaji wakaanza, "Fundi, Mungu akubariki!" Kaka akanikumbatia huku analia.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Wifi akainua kichwa.

"Muulize ile swichi ya usalama ya chaji mbona haikukata."

Kaka akaniachia, akanitazama.

"Mdogo wangu?"

Nilishindwa kumtazama.

Jamani, ile swichi ilikuwa inakata umeme kila wakichomeka boti. Kaka ananipigia simu kutwa, "Inatusumbua, abiria wanasubiri!" Wifi akasema labda boti ndiyo mbovu, ikaguliwe kwanza. Nikamjibu mbele ya watu, "Wewe kata tiketi, umeme niachie mwenyewe."

Nikaipiga dairekti. Waya kwa waya, swichi nje. Salamu zetu ziliishia hapo.

Kumbe boti ilikuwa inavuja, maji yanagusa nyaya, na swichi ilikuwa inatuambia!

Fundi mwenzangu, swichi ikikata, tafuta kinachoikatisha. Usiizibe mdomo kwa sababu mteja ana haraka. Na boti ikizama ikiwa kwenye chaji, zima umeme wa nchi kavu kwanza, hata wakuite muuaji.

Mimi waliniita hivyo. Hawakukosea sana.