Harusi ya Jogoo

Jogoo aliwika ndani ya chumba cha hazina ya benki saa sita mchana, mlango wa chuma ukiwa umefungwa. Makarani walipofungua hawakukuta hata unyoya, ila harufu ya manyoya yaliyoloa. Wakacheka. Kisha wakamwona mwenye benki, tajiri Ong Tiak Beng, ameketi sakafuni nyuma yao anatetemeka, wakakimbilia kumwinua.

Na huyu, jamani, hakuwa mtu wa kuketi sakafuni. Alishuka melini Manila na miaka kumi na tisa na viatu vya majani. Akabeba magunia Binondo, mtaa wa Wachina, akafungua duka la mchele, akawakopesha Wachina wenzake ambao benki za Wazungu hazikutaka hata kuwaona mlangoni, mpaka akawa na benki yake. Akikohoa, bei ya sukari inashtuka. Mkewe Felisa, mwenyeji wa Manila, aliolewa naye kanisani enzi za magunia, na miaka ishirini na minane alikuwa hajajuta.

Tangu siku ile mzee akaacha kula. Jogoo naye akahamia nyumbani, akawa anawika kila saa sita mchana bila kuonekana, mara kabatini, mara chini ya kitanda.

"Mume wangu, niambie ukweli," Felisa alinong'ona. "Kuna nini?"

"Kuna mke."

"Mke gani?"

"Wa kijijini kwetu. Kim Lian. Mama aliniozesha nikiwa huku tayari. Bwana harusi akiwa ng'ambo, anashikwa jogoo mahali pake, bibi harusi anasujudu naye. Kwetu ni kawaida. Nikawa napeleka hela kila mwezi, nikaona yatosha."

"Miaka yote hiyo hukunitajia."

"Amekufa mwezi uliopita. Hata sura yake siijui."

Felisa alitaka kumzaba kofi. Alipomshika mkono aliukuta baridi, hasira ikamwisha, akabaki na woga mtupu.

Akamwita Mama Guat, mpandisha pepo wa hekaluni. Bibi huyo alinusa chumba, akaguna.

"Marehemu hataki ubani. Anataka harusi yake imalizwe. Mzee asujudu naye, nawe bi mdogo umpigie magoti, umpe chai."

"Bi mdogo nani? Mke ni mimi."

"Mwenzio katangulia kuozwa, mwanangu."

"Nikikataa?"

"Mzee hamalizi wiki."

"Nikikubali, ataondoka?"

"Kuondoka ataondoka. Ila ataondoka na chake, na hapo mimi sina la kufanya."

Angefanyaje? Kesho yake mchana, jua likiwaka dirishani, kibao chenye jina la Kim Lian kikawekwa juu ya meza, mzee akashikiliwa mabega akainamishwa mara tatu, na Felisa, ambaye hajawahi kumpigia magoti yeyote ila Mungu, akapiga magoti akainua kikombe kwa mikono miwili, huku harufu ya manyoya ikimjaa puani, huku sakafu ikikwaruzwa nyuma yake na kucha asizothubutu kugeuka kuzitazama, huku akihisi pumzi baridi ikishuka kwenye vidole vyake na kikombe kikipungua uzito kidogo kidogo, mpaka kikawa kitupu mkononi na sauti ya mwanamke ikasema taratibu sikioni mwake, "Ahsante, mdogo wangu."

Harufu ikatoweka. Mzee akalala usingizi wa mtoto. Felisa alilia kwa furaha, akampikia uji wa mchele kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi alimkuta ameamka, macho maangavu, mashavu yamepata damu. Alipomwona Felisa alijifunika shuka upesi hadi kidevuni, kwa haya, kama mgeni aliyelala nyumba ya watu.

"Shikamoo, mama," alisema. "Samahani, nimeshuka melini juzi tu, mji bado siujui. Nimepata barua kwamba nyumbani wameshaniozesha. Eti mke wangu umemwona?"

Felisa alichukua bakuli la uji. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akachota uji, akaupuliza.

"Marahaba," alisema. "Kula kwanza."