Friji Dukani kwa Sharifu

Siku ya soko, mtaa wa maduka wa Bariadi huwa hauna pa kuweka mguu. Kabula alifika dukani kwa Sharifu na kreti la mtindi kiunoni, gauni lake la kitenge cha njano limelowa ubavuni kwa maji ya barafu, akakuta mlango umezibwa na friji jipya la kioo. Nyuma ya friji mtu alikuwa anahema.

"Dada, samahani, nishikie mlango. Likianguka hili, nimekwisha."

Kabula akatua kreti, akaegemea mlango kwa mgongo, akalikamata friji kwa mikono miwili. Wakalisukuma pamoja mpaka ndani. Mwanaume alipojitokeza alikuwa kijana mrefu, shati la buluu limemganda mgongoni, viatu vyake vya kung'aa vimejaa vumbi.

"Wabeja sana, mayu," alishukuru kwa Kisukuma, akifuta jasho.

"Mayu ni mama yako. Mimi naitwa Kabula."

"Na mimi Ndalahwa, wa Ngulyati. Nimerudi nyumbani juzi tu, kampuni imenikabidhi mkoa huu."

"Kampuni gani?"

Ndalahwa akaligeuza friji. Ubavuni palikuwa na picha ya ng'ombe mnene na jina la kampuni kubwa ya maziwa ya Dar es Salaam. Sharifu, mwenye duka, akakohoa nyuma ya kaunta.

"Kabula mwanangu, nilitaka nikwambie mapema. Friji wananipa bure. Sharti lao moja, mali ya mtu mwingine haiingii humo."

Kabula akaliangalia kreti lake. Kila pakiti ilikuwa na jina la Mhola, mtindi wa kiwanda kidogo alichokiendesha na kaka yake Mayunga tangu baba yao afariki. Angeweza kulia. Kicheko ndicho kilichomtoka.

"Kwa hiyo adui nimemwingiza kwa mikono yangu mwenyewe!"

Uso wa Ndalahwa ukabadilika. Akainama, akalinyanyua kreti.

"Hili nalinunua mimi. Si kampuni, mimi."

"Utakunywa kreti zima?"

"Nyumbani kuna wageni."

"Muongo."

"Muongo mwenye njaa. Nipe namba yako, nikikwama nikupigie."

Alipiga jioni ile ile.

"Ngosha, umemaliza?" Kabula alimuuliza, akimtania kwa jina la wanaume wa Kisukuma.

"Nimekwama pakiti ya tatu. Njoo unisaidie, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Kunywa mtindi wako."

Lakini hakukata simu. Haukupita muda mrefu wakawa wanaonekana mgahawani kwa Mwanne, wanagombania paja la kuku kama watoto. Ndalahwa alimfundisha kucheza karata, akashindwa naye kila mara. Siku moja Kabula alimchukua kwenye mzunguko wa kukusanya maziwa Ngulyati, akiwa na koti lake jeupe na buti za mpira. Mzee Ngeleja, mkubwa wa wafugaji wake, alimtambua kijana papo hapo, akamshika mkono na kumuuliza habari za ukoo mzima. Kabula alifurahi kuliko alivyoonyesha.

Sokoni mambo yalikuwa mengine. Bariadi ni mji mdogo, wanunuzi ni wale wale. Kila friji lililoingia dukani lilipunguza nafasi ya Mhola. Pakiti zikaanza kurudi kiwandani zimechacha.

"Tushushe bei," alisema Mayunga.

"Wao wanaweza kushusha bei mwaka mzima. Sisi tutafika wiki ya pili?"

Ndipo kampuni ilipoleta ofa. Mhola iache kuuza kwa jina lake, iwe inafungasha mtindi wa kampuni kwa mkataba. Malipo yalikuwa mazuri, na hakuna mfanyakazi ambaye angeachishwa. Aliyetumwa kuileta alikuwa Ndalahwa. Siku hiyo alivaa tai, akaongea na Mayunga na Kabula kama watu asiowafahamu, akaaga. Kabula akamfuata hadi getini.

"Sasa nakuuliza wewe, si kampuni. Nisaini?"

Ndalahwa akaichezea tai yake. "Siwezi kukujibu."

"Huwezi au hutaki?"

"Kuna mipango nimeiona kazini, si yangu kuisema. Nikikwambia saini, nitakuwa nimewatumikia wao kupitia kwako. Nikikwambia usisaini, nitakuwa nimewaibia."

"Mimi nilikupeleka mpaka mazizini. Kuna nilichokuficha?"

"Hakuna."

"Basi nenda, Ndalahwa. Nenda na mafriji yako."

"Kabula, mpenzi..."

"Usiniite hivyo!"

Alipiga, Kabula hakupokea. Akapiga tena, na tena, kisha simu zikakoma. Siku chache baadaye Sharifu akamwambia kwamba yule kijana amehamishiwa Kahama. Kabula akajiambia amepandishwa cheo, kazi yake hapa imekwisha. Usingizi ukamkataa hata hivyo.

Aliyekuja kufuata majibu ya ofa alikuwa afisa mpya, dada wa Arusha aitwaye Elizabeth, suruali imenyooshwa vizuri, macho yamechoka.

"Usiposaini," alisema, "wakubwa wanasema tuwafuate wafugaji wako, tununue maziwa moja kwa moja."

"Wafuateni."

"Nimewafuata." Elizabeth akacheka kwa unyonge. "Wananipa kiti, wananipa maji, wanaongea Kisukuma mpaka naaga. Kazi hiyo alipewa yule mwenzangu wa kwanza. Ni kwao kule, wangemsikiliza."

"Ikawaje?"

Elizabeth akaangalia mlangoni. "Sipaswi kukwambia. Alikataa kikaoni, mbele yetu wote. Alisema kule aliingia kama mgeni wa mtu, hawezi kurudi kama mwindaji. Wakamwondoa mkoani."

Kabula akakaa. Alichomkasirikia getini ndicho hicho hicho kilichokuwa kikimlinda yeye kikaoni. Ndalahwa alifunga mdomo pande zote mbili, na adhabu akaipata pande zote mbili.

Elizabeth alipoondoka, Kabula alimwita kaka yake.

"Hatusaini."

"Tutaishije? Maduka yote ni yao."

"Maduka wachukue. Sisi tuna nini ambacho wao hawana, Mayunga? Tuna maziwa ya leo asubuhi. Mtindi wao unatoka Dar, lazima utengenezwe wa kukaa. Tuache pakiti. Tufungue madirisha yetu ya kuuzia, mtu aje na chombo chake, apimiwe mtindi wa siku hiyo hiyo."

"Na wateja wa madukani?"

"Wengi tutawapoteza. Tutakuwa wadogo kwanza."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mtindi mwingine waliugawa kwa majirani ili usimwagwe. Kisha Mwanne akaja na ndoo ya mgahawa wake, wakafuata mama lishe wa sokoni, wakafuata akina mama na majagi yao, na asubuhi moja foleni ikavuka barabara. Kabula akaingia ofisini, akafunga mlango, akapiga simu Kahama.

"Ngosha."

"Nani mwenzangu?"

"Umefuta namba yangu?"

"Sijafuta. Nilitaka tu kukusikia ukijitaja."

Kabula akatabasamu huku machozi yanamtoka. "Kwa nini hukuniambia ya kikaoni?"

"Ungeona nakudai shukrani."

"Nisamehe."

"Na wewe nisamehe. Pale getini nilikujibu kama nasoma tangazo."

"Sikusaini."

Ndalahwa akashusha pumzi ndefu. "Sikuulizi kwa nini."

"Na sikwambii."

Wakacheka wote wawili. Kisha Ndalahwa akauliza, "Huku Kahama huuzi, eti?"

"Bado. Nikikua nitakuja."

"Basi nikuoe kabla hujakua."

Nje watu walikuwa wanagonga vyombo, wanaita.

"Kwa simu, Ndalahwa?"

"Jumamosi nakuja kusema tena, umeniangalia usoni. Halafu nitume wazee."

"Tuma. Ila mwambie baba yako, kama ni ng'ombe, asiniletee madume. Natafuta maziwa mimi."

Walioana baada ya pamba kuvunwa. Ndalahwa aliendelea na kampuni yake Kahama, na nyumbani waliwekeana sharti kwamba ya ofisini hayaulizwi. Kabla ya harusi, siku mahari ilipoletwa, Kabula alitoka na kanga mbili mpya kuwaangalia ng'ombe. Wote walikuwa majike, isipokuwa dume mmoja mwekundu, mwenye nundu kubwa, aliyesimama katikati yao kama mwenye mali.

"Na huyu?" alimnong'oneza Ndalahwa.

"Baba kasema, bila huyu wenzake hawatakupa maziwa yoyote mwakani."

Kabula alicheka mpaka akashika ua wa zizi asianguke, na wazee wakageuka kumtazama bibi harusi wao.