Nafasi kwa Madoa

Nsia anaishi mlimani, kwenye migomba na baridi. Anaishi na Bibi. Wako wawili tu.

Wawili, na Madoa, ng'ombe wao.

Kila asubuhi Nsia na Bibi wanakata majani. Wanayabeba kichwani hadi bandani. Madoa anayatafuna horini. Nyafu, nyafu, nyafu!

Nsia ana kitanda kidogo. Kina blanketi jekundu. Lilikuwa blanketi la mama yake, na mama yake hayupo tena. Nsia hulala amelikumbatia.

Sasa ni Desemba. Watu wa mlimani wanarudi kwao kula Krismasi. Wanatoka Dar es Salaam, wanatoka Dodoma, wanatoka kila mahali.

Pii, pii! Gari la Baba Mkubwa linapanda kilima. Ndani yumo Mama Mkubwa. Yumo na binti yao, Glori. Na masanduku, weee!

"Karibuni, wanangu!" anasema Bibi. Amefurahi mpaka machozi.

Mama Mkubwa anachungulia vyumbani. "Sisi tutalala hapa," anasema. Hicho ni kitanda cha Bibi. "Glori atalala pale." Hicho ni kitanda cha Nsia!

"Na mimi?" anauliza Nsia.

"Nyumba imejaa. Nafasi hakuna. Nenda bandani, Nsia."

"Basi, tutaenda wote," anasema Bibi. Baba Mkubwa anasikia. Anakohoa kidogo, halafu anashusha sanduku jingine.

Blanketi jekundu linabaki kitandani. Glori amelikalia.

Bandani kuna baridi. Kuna inzi, kuna mbolea. Bibi anatandika majani makavu ya migomba. Kwara, kwara, kwara!

"Bibi, kwa nini kila Krismasi ni sisi?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema Bibi.

"Mwenyeji gani amepona? Mwenyeji analala na ng'ombe!"

Bibi anajigeuza kwenye majani. Mgongo wake unamuuma, na Nsia amesema kweli.

Kumekucha. Ni Krismasi! Nsia ananawa uso. Anavaa gauni lake. Anakimbia uani.

Glori anashika pua. "Phuu! Nsia ananuka ng'ombe!"

Mama Mkubwa anacheka. Baba Mkubwa naye anacheka, mtu mzima yule!

Nsia analia. "Mimi siendi kanisani."

"Tutaenda," anasema Bibi. Anamfuta machozi kwa kanga. "Tutaenda hivi hivi tulivyo."

Ngo! Ngo! Ngo! Kengele inalia. Kanisa limejaa nguo mpya. Nsia anakaa benchi la nyuma kabisa.

Mchungaji anasimulia. "Yusufu alibisha hodi mlango huu. Akabisha mlango ule. Mariamu alikuwa amechoka sana. Wakaambiwa: nyumba imejaa, nafasi hakuna."

Nsia anainua kichwa. Maneno hayo anayajua!

"Basi Mtoto Yesu akazaliwa kwa mifugo," anasema Mchungaji. "Mama yake akamlaza horini."

Nsia anasimama juu ya benchi. "Hori kama la Madoa?"

Watu wote wanageuka.

"Madoa ni nani, mwanangu?" anauliza Mchungaji.

"Ni ng'ombe wetu. Mimi na Bibi tunalala kwake. Nyumba imejaa wageni."

Watu wanamtazama Baba Mkubwa kwenye benchi la mbele. Baba Mkubwa anatazama viatu vyake.

"Na nanuka ng'ombe," anasema Nsia.

Mchungaji anashuka madhabahuni. Anakuja mpaka benchi la nyuma. "Mtoto Yesu naye alinuka ng'ombe," anasema. "Alikuja kwanza kwa watu waliokosa nafasi. Alikuja kwenu, Nsia."

Kwetu! Nsia anakaa. Ananusa mkono wa gauni lake, polepole.

Je, waliporudi nyumbani, vitanda vilirudishwa? Thubutu! Watu walikula pilau. Walikula ndizi na nyama. Hakuna aliyetaja kitanda.

Jioni inaingia. Pii, pii! Gari jingine! Ni Shangazi na watoto wake. Wamechoka, wana usingizi.

Mama Mkubwa anachungulia vyumbani tena. Anajikuna kichwa.

"Nyumba imejaa. Nafasi hakuna. Nenda bandani, Glori."

"Mimi?" anauliza Glori. "Mimi, Mama?"

Ndiyo, wewe.

Bandani, Nsia na Bibi wamekwisha kujilaza. Mlango unalia. Kwiii!

"Hodi," inasema sauti ndogo.

Nsia haitiki. Anaona miguu ya Glori peku kwenye ubaridi. Maneno yale yamemjaa mdomoni: nyumba imejaa, nafasi hakuna. Anataka kuyasema. Anataka sana!

"Mmmuuu!" anasema Madoa.

Nsia anatazama hori. Anatazama mlango.

"Huku kunanuka," anasema Nsia.

"Najua," anasema Glori. Anavuta kamasi. "Nilikucheka. Nisamehe."

"Blanketi langu liko wapi?"

"Nimekuletea." Glori ananyoosha mikono. Ndilo, blanketi jekundu!

Nsia analichukua. Analinusa. Bado amekasirika. Lakini anasogea karibu na mgongo wa Bibi.

"Karibu," anasema. "Njoo. Nafasi ipo."

Kwara, kwara, kwara! Glori anaingia kwenye majani. Miguu yake ni baridi kweli. Nsia anamfunika kwa nusu ya blanketi.

"Mgeni njoo," ananong'ona Bibi.

"Mwenyeji apone," anajibu Nsia. Anafikiri. "Nimepona kidogo tu, Bibi."

"Kidogo kinatosha kulalia," anasema Bibi.

Madoa anatafuna horini. Nyafu, nyafu, nyafu.

Nao wanalala, wote watatu, mahali palepale alipokuja Mtoto Yesu.