Tawi la Kumi na Nane

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha saluni. Ya pili ilitoboa kichwa.

Kichwa cha plastiki, kile cha kuvalishia mawigi.

Numbi hakupunguza mwendo. Alikuwa amemfukuza yule mpiga risasi tangu Evere, upande wa pili wa Brussels, pikipiki kwa pikipiki, na sasa walikuwa wanakimbia kwa miguu ndani ya Galerie d'Ixelles, kati ya saluni na maduka ya vitenge, saa nne na robo asubuhi. Wanawake walipiga mayowe, nywele zao zimesukwa nusu.

"Laleni chini, bamaman! Chini!"

Mtu wa koti la ngozi aligeuka kufyatua mara ya tatu. Hakuwahi. Mlango wa saluni ya mwisho ulifunguka na sufuria ya maji ya moto, yale ya kuchovyea ncha za rasta, ikamwagika yote usoni mwake.

Alilia kama mbwa aliyegongwa na gari.

Numbi akamaliza kazi. Goti tumboni. Kiwiko shingoni. Taya ikavunjika juu ya marumaru.

"Umechelewa," alisema mwanamke mwenye sufuria. "Maji ilikuwa inaanza kupoa."

"Merci, Maman Mathilde."

Maman Mathilde alitoka Bukavu kama mkimbizi miaka ishirini iliyopita. Majirani walimjua kama msusi. Watu sita tu duniani walijua kwamba ndiye mkuu wa Idara ya ujasusi ya Kongo mjini Brussels. Numbi, mtoto wa Lubumbashi, mwenye miaka ishirini na minane, alikuwa bunduki yake.

Alichukua simu ya yule mtu, akaifungua kwa kidole gumba cha mwenyewe. Ujumbe ulikuwa mmoja.

*Onze heures. Mwanamke afungue laini.*

Numbi alimwonyesha Maman Mathilde: onze heures, saa tano.

Mwanamke mwenyewe alikuwa Zhanar Tolegenova, mhandisi mkuu wa Aksunkar, televisheni ya taifa ya Kazakhstan. Alianza nayo ikiwa studio moja yenye kamera tatu. Leo ilitangaza kwa Kikazakhi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na ilikuwa na matawi kumi na saba, kila mkoa na lake. Alikuja Brussels kuionyesha Kongo jinsi ya kufanya hivyo hivyo kwa Kiswahili. Kila siku mji mkuu wake uliyaita matawi yote, moja baada ya jingine. Leo wito ungepitia gari lake la setilaiti hapa Brussels, na mwishoni ungeongezwa mji mmoja kwa majaribio.

Lubumbashi.

Asubuhi hiyo Zhanar alitekwa mbele ya hoteli, gari lake likaibwa; mtu wa koti la ngozi alikuwa mmoja wa watekaji. Bila ufunguo wake wa laini, kijiti cha chuma cha ukubwa wa kidole, na namba alizozishika kichwani, gari lilikuwa bati tupu. Ndiyo maana bado alikuwa hai.

Simu ya Numbi ikalia.

"Papa Numbi!" Ilikuwa sauti ya Guylain, mkalimani wa Zhanar, mtoto wa dada yake Maman Mathilde. "Nimeona gari ya Maman Zhanar. Iko Jette, ku parking moja ya zamani, pembeni ya ile hospitali kubwa. Fanya mbio! Bado kidogo tu, onze heures banaanza appel ya matawi!"

"Onze heures, uko sûr?"

"Mais papa, miye ndiye nilitafsiri ile ratiba!"

"Bon. Ningojee."

Numbi alikata simu. Akamtazama Maman Mathilde.

"Sema," alisema Mathilde.

"Ule wito, appel, ni saa sita mchana, maman. Midi. Zhanar aliniambia jana. Zamani mji mkuu wao ulikuwa saa moja mbele ya mikoa ya magharibi. Mwaka 2024 wakarudisha saa nyuma, nchi nzima ikawa na saa ile ile, na kwa hapa appel ikatoka saa tano ikaenda saa sita. Onze heures iko ndani ya kitabu cha zamani cha ratiba tu. Zhanar alileta nakala moja, akampa mtu mmoja tu, ajifunzie kazi."

"Guylain."

"Guylain. Hakuangalia tena. Na hawa watu wameandika saa ile ile aliyoitaja yeye."

Mathilde aliweka sufuria chini taratibu. Hakulia. Aliingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya nywele, jekundu, zito kuliko mafuta.

"Usifungue karibu na macho," alisema. "Na ule mutoto, kama anakufa, usiniambiye leo. Uniambiye kesho."

*

Jette. Saa nne na dakika hamsini.

Maegesho yale yalikuwa yamefungwa tangu zamani. Numbi hakuingia mlangoni. Alipanda bomba la maji mpaka ghorofa ya pili, akawaona kwa juu: wawili nyuma ya nguzo, bastola zenye vizuia sauti, macho langoni. Guylain alikuwa katikati, suti ya buluu, anatafuna kucha.

Hapakuwa na gari la setilaiti. Palikuwa na turubai la plastiki limetandazwa sakafuni, la kufungia maiti.

Maiti yake Numbi.

Numbi aliruka. Wa kwanza alivunjika shingo chini ya viatu vyake. Wa pili aligeuka, akafyatua, risasi ikachana bega la Numbi. Bastola ya Numbi, Browning, ilijibu mara mbili. Mtu alikaa chini polepole, mgongo nguzoni, kama aliyechoka, na hakuinuka tena.

Guylain alikimbia.

Risasi moja, goti la kushoto.

"Aaa! Papa! Papa, pardon!"

"Gari iko wapi?"

"Sijuwe!"

Numbi alikanyaga goti.

"Evere! Evere, hangar ya rangi ya kijani, nyuma ya dépôt ya mabus! Beko batatu, na chef, banamwita Volker!"

"Wanataka nini?"

Guylain alilia na kuongea pamoja. Volker alikuwa na taarifa ya habari ya uongo, sura za kutengenezwa kwa kompyuta, majenerali wakitangaza vita. Ingeingia katikati ya wito na kuonekana mikoa yote kwa dakika moja. Huko Atyrau, magharibi, watu kumi na wawili wenye silaha walikuwa wamekaa ndani ya magari mbele ya tawi. Taarifa hiyo ndiyo ishara yao. Wakiiona, wanaingia na kuua kila aliye hai, ili nchi iamini vita imeanza kweli.

"Nani anasoma habari Atyrau?"

Guylain alifumba macho.

"Aizere. Mutoto ya Maman Zhanar."

Numbi alimfunga goti kwa tai ya Guylain mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini, Guylain?"

"Hamuniheshimu! Kila siku Guylain leta kahawa, Guylain tafsiri! Televisheni ya Kiswahili, nani ataitazama? Hata miye sitaitazama!"

"Ni kweli," alisema Numbi. "Gerezani kwako hawataiweka."

*

Ndani ya hangari la Evere, saa tano ilikuwa imefika na kupita.

Zhanar aliifungua laini kama alivyoamriwa. Volker, mtu mrefu mwenye nywele nyeupe na glovu nyeusi, aliinama kwenye skrini akisubiri matawi kumi na saba.

Zilitokea rangi za majaribio. Nyekundu, kijani, buluu. Hakuna mtu.

"Wako wapi?"

"Hawapo," alisema Zhanar.

Volker alimvunja kidole kidogo. Zhanar aliuma midomo mpaka damu ikatoka. Akanyamaza. Volker akamvunja cha pili. Akanyamaza. Alijua anachokinunua kwa vidole vyake: dakika.

Saa tano na nusu mmoja wa vijana wa Volker alipekua simu, uso ukamgeuka rangi.

"Bosi. Walibadilisha saa. Ni saa sita kamili."

Volker alicheka, kisha akampiga yule kijana kofi.

"Sawa. Tutasubiri. Mama, bado una vidole vinane."

*

Saa tano na dakika hamsini na mbili.

"Maman, Atyrau inajibu?" Numbi aliuliza kwa kisikizi cha sikioni, akitambaa juu ya paa la hangari.

"Hapana. Simu zao zimekatwa. Nimepata ambasade, ubalozi yao, polisi iko njiani, mais haijafika. Donc kazi iko kwako, mutoto wangu."

"Bien reçu, nimesikia."

Alivuta kifuniko cha kopo jekundu. Akaliachia kwenye tundu kubwa la paa, lililoachwa wazi ili sahani ya mawimbi ya gari ione anga.

Mwanga ulilipuka mweupe kama radi. Chini, watu walipiga kelele na kufyatua ovyo. Numbi alishuka kwa kamba, bega linavuja damu, Browning ikisema maneno mafupi.

Mmoja.

Mwingine, risasi ya koo, akaanguka akikumbatia matairi.

Wa tatu alimrukia na kisu. Walibingirika juu ya nyaya. Kisu kilimwingia Numbi pajani. Numbi alimzungushia yule mtu waya shingoni, akavuta, akahesabu mpaka ishirini na tano, akaacha.

Bastola ilikuwa tupu.

"Hapa juu, kijana!" aliita Volker.

Alikuwa amepanda juu ya gari la setilaiti, mgongo wake kwenye sahani kubwa nyeupe, bunduki ya Uzi mkononi. Macho yalimtoka machozi lakini yalikuwa yanaona.

"Nasikia mnataka televisheni yenu," alisema. "Watu wasiojua hata kutengeneza betri wanataka setilaiti! Sema neno kwa lugha yako nikusikie kabla hujafa."

Numbi alisimama wima, mikono mitupu.

"Zhanar," alisema. "Geuza sahani."

Ndani ya gari, mwanamke mwenye vidole viwili vilivyovunjika alibonyeza kitufe kwa kisigino cha mkono.

Mota ilinguruma. Mkono wa chuma wa sahani uliruka kama mguu wa farasi, ukampiga Volker kiunoni. Alipaa. Risasi zake zilichora paa. Akaangukia vyuma vyenye ncha vya uzio ulioegemezwa ukutani, na viwili vikatokea mbele ya koti lake.

Alitazama vyuma. Alitaka kusema kitu.

Hakusema.

"Saa ngapi?" Zhanar aliuliza.

"Dakika mbili kabla ya saa sita."

"Sahani imeangalia ukuta. Nishikie taa."

Aliirudisha kwa mkono mmoja, digrii kwa digrii, jasho likimdondoka puani, akitukana kwa Kikazakhi. Rangi zikatetemeka. Zikazimika.

Saa sita kamili, picha ikaja.

Sauti ya mji mkuu iliyaita matawi kama mama anavyoita watoto kula. Mashariki likajibu. Kaskazini likajibu. Kusini likajibu. Kila moja salamu, hali ya hewa, neno moja la nyumbani. Kisha Atyrau: msichana wa nywele fupi, karatasi mkononi.

Zhanar aliingia kwenye laini. Hakupaza sauti. Alisema sentensi tatu kwa Kikazakhi, kwa upole, kama anayekumbusha mtoto kuvaa sweta.

Tabasamu la msichana halikubadilika. Aliinuka. Kamera ikabaki inatazama kiti.

Kiti kitupu. Mlango wa chuma ukasikika ukigongwa na kufungwa. Kisha milio ya risasi, mingi, mbali.

Zhanar alishika mkono wa Numbi kwa vidole vyake vizima. Kwenye matawi mengine sura zote zilitazama pembeni, kwenye kiti kile kile.

Dakika saba.

Aizere alirudi, vumbi nywelini. Nyuma yake, dirishani, polisi walikuwa wamelaza watu kumi na wawili kifudifudi kwenye lami. Alikaa. Akanyoosha karatasi. Akasema kuna upepo, na nyuzi joto thelathini na sita.

Zhanar alilia hapo tu.

Alipomaliza alijifuta kwa kiwiko, akamsogezea Numbi kipaza sauti.

"Bado mmoja," alisema. "Ita wewe."

Numbi alikisogeza mdomoni. Mtu aliyeua watano tangu asubuhi aliita kwa sauti ndogo.

"Lubumbashi?"

Mkwaruzo. Kimya. Kisha mwanamke mmoja, karibu kabisa, kama yuko chumba cha pili:

"Lubumbashi tuko hapa! Baridi kali, na vumbi ile ile ya siku zote. Muko wazima?"

Sura kumi na saba zilicheka pamoja bila kuelewa neno.

"Tuko wazima," alisema Numbi.

Aliweka kipaza sauti chini. Akafunga paja kwa mkanda, akavaa koti kuficha damu, akatoka. Ving'ora vilikuwa vinakaribia. Pikipiki yake ilikuwa na matundu manne ya risasi, kwa hiyo alienda kituoni akasimama kwenye foleni ya basi, nyuma ya bibi mmoja mwenye mfuko wa viazi.

Kisikizi kikaita.

"Nimesikia yote," alisema Maman Mathilde. "Na ule wa Jette?"

"Anaishi. Goti tu."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu.

"Bon. Alors passe, pita ku saluni. Kuko vioo vya kufagia."