Dada Yangu Alivyoposwa kwa Majaribio

Kwa maelezo ya Mama Antena, jirani yetu wa ukuta mmoja, mpenzi wangu alipiga goti sebuleni kwetu, akamshika dada yangu mkono na kumwomba wafunge ndoa. Na dada akasema "nimekubali" huku machozi yanamtoka.

"Nimeona kwa macho yangu, mwanangu! Dirisha lilikuwa wazi."

"Letu au lako?"

"Yote mawili! Wewe unauliza madirisha, mwenzio anabeba mume!"

Niliacha cherehani kibandani kwangu, gauni la mteja lina mkono mmoja, nikakimbilia nyumbani. Nikamtumia mpenzi wangu Darubini ujumbe. Ndivyo tunavyomwita, maana kazi yake ni kuchunguza nyota.

"Njoo sasa hivi."

"Kuna nini, mpenzi?"

"Mpenzi nani? Niite shemeji."

Alifika anahema, vifungo vya shati vimepishana. Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umemposa dada yangu?"

"Ndiyo. Yaani hapana. Yaani… kwa majaribio."

"Majaribio! Dada yangu betri?"

"Nisikilize. Galaksi za mwanzo kabisa zilitoa miale mikali, ya kung'oa elektroni kwenye atomi. Tunataka kujua ilitorokaje humo ndani. Lakini ziko mbali mno, miale yenyewe inamezwa na gesi njiani, haitufikii. Sasa tunafanyaje?"

"Mnaposa dada zao?"

"Tunatafuta galaksi za karibu zinazofanana nazo! Tukiona miale inavyopenya kwenye matundu ya gesi, tunakisia za kule. Na wewe nikikutazama usoni sioni kitu, umetulia tu. Dada yako mmefanana pua, sauti, hata hasira."

"Hasira zangu ni bora," dada akadakia.

"Na wewe ulilia nini?"

"Alipiga goti juu ya kidole changu cha mguu!"

"Na ukakubali?"

"Aliniambia nijibu kama wewe. Nikajibu."

"Nani kakwambia mimi nitakubali?"

"Mdogo wangu, suruali yake unaipunguza kiuno tangu mwezi uliopita. Kila akija unampima upya. Kiuno gani hicho kisichoisha?"

Nikainamisha kichwa.

"Kumbe kulikuwa na tundu!" Darubini akaruka.

"Kaa chini," nikamwambia. "Mimi si galaksi. Niko hapa, naonekana, nasikia. La kwangu ungeniuliza mimi."

Furaha ikamwishia usoni.

"Niliogopa. Dada akikataa, najipanga upya. Wewe ukikataa, najipanga na nani?"

Dada akarudi jikoni bila kuambiwa. Darubini akashuka sakafuni polepole, akaangalia kwanza miguu yangu ilipo.

"Nakuuliza wewe mwenyewe. Utakubali nikuoe?"

Swali hili nilikuwa nimelingoja sana, na lilipokuja sikutaka liishe upesi.

"Sema basi," akanong'ona. "Nakuomba."