Mashine Siachi

Jumatatu ya Pasaka ufukwe wa Chato ulifurika watu. Muziki huku, samaki wa kukaanga kule, na katikati ya vurugu zote hizo mwanaume mmoja mwenye suti ya bluu na viatu vinavyong'aa alikuwa amepiga magoti, akichambua mchanga kwa vidole kama anayechagua mawe kwenye mchele.

"Kaka, umepoteza nini?" Rhoda alimuuliza.

"Maisha yangu," alijibu bila kuinua uso. "Mimi ndiye MC wa ile harusi pale. Bwana harusi kanipa pete nimshikie apige picha. Sasa pete sina, na baba mkwe wake ananitazama."

Rhoda alicheka. Alikuwa na jinzi iliyokunjwa mpaka magotini, fulana ya njano, na mkononi mashine ya kutafutia dhahabu, ileile aliyozunguka nayo mashamba ya Katoro siku za kazi. Sikukuu alikuja ziwani kuwatafutia watu pete na cheni zao.

"Vua saa. Vua mkanda. Mashine italia bure."

"Unanivua mbele za watu, dada?"

"Nakuvua vyuma tu. Mengine utajivua kwako."

Haikupita muda mashine ikalia kwa sauti nyembamba. Pete ilikuwa chini ya kisigino cha MC mwenyewe. Yule MC, Davis, kijana wa Ushirombo anayeishi Kahama, aliipokea pete huku macho yake yakiwa kwa Rhoda.

Simu zikaanza usiku uleule.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi. Mzee kaapa shambani kwake kuna dhahabu. Kuna misumari."

"Njoo Kahama nikulishe wali."

"Njoo wewe na huo wali."

Davis alikwenda, na hakuchoka kwenda. Mavuno yalipoisha akamvisha pete ya uchumba, na Rhoda, ambaye hakuwahi kulia mbele ya mwanaume, alilia.

Kikwazo kilikuwa Mama Davis. "Mwanamke wa kushinda na wachimbaji!" alimwambia mwanawe. "Hiyo pete ataiuza kwa madalali kabla ya harusi. Mwambie achague, mashine au ndoa." Davis aliyasema hayo kwa Rhoda kama utani, lakini yalimchoma. Mashine ile aliinunua kwa jasho lake, na ndiyo iliyomtoa kwenye kubeba mawe ya watu.

Basi sikiliza balaa. Mwenye mashine hafanyi kazi na dhahabu kidoleni, maana kila akipitisha mkono itamlilia yeye. Jumamosi moja Rhoda aliitwa Chato kutafuta cheni ya mteja. Akavua pete ya uchumba, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaingia kazini. Cheni ilipatikana. Alipofungua pindo, hakukuta kitu.

Na kesho yake Davis na mama yake walikuwa wanakuja kumchukua, akatambulishwe Ushirombo.

Jumapili alfajiri alirudi ufukweni peke yake. Alipita, akarudia, akarudia tena, jasho likimtoka kwa hofu. Hapo ndipo alipokosea. Mtu wa Geita akikuona umeng'ang'ania sehemu moja na mashine, haulizi swali. Anakwenda kuchukua sepetu. Kabla jua halijapanda vizuri rashi, ile mbio ya kugombea dhahabu, ilikuwa imeanza: bodaboda zinashusha watu, sururu zinapigwa, viroba vinajazwa mchanga, na mama lishe mmoja ameshabandika maharage.

"Acheni!" Rhoda alipiga kelele. "Hakuna dhahabu hapa! Natafuta pete yangu ya uchumba!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Bhebhe, wewe!" mzee mmoja alimjibu kwa Kisukuma kutoka shimoni. "Kila mwenye dhahabu anasema hivyohivyo. Chimba, dada, usituzuge."

Mashine sasa ilililia kila kitu, sepetu, sururu, sufuria ya maharage. Simu ikaita. Davis.

"Bebi, uko wapi?"

"Saluni, mpenzi. Nasukwa."

"Saluni," Davis alirudia, akakata.

Rhoda hakujua kwamba video yake akiwa na mashine ufukweni ilishafika kwenye simu za wanakwaya wenzake Mama Davis. Mchana gari dogo jeupe likasimama juu ya mchanga. Davis alishuka amevaa shati la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, uso umekunjamana. Mama yake alifuata na gauni la kitenge hichohicho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pete iko wapi?"

Mapigo ya sepetu yalipungua. Watu walitaka kusikia.

"Nimeipoteza, mama. Sikuiuza. Niliivua nikiwa kazini, ikadondoka."

"Na saluni?" Davis aliuliza. "Rhoda, mimi wa kunidanganya?"

"Hapo nimekosa, na nakuomba radhi. Niliogopa. Mama alishanihukumu kabla pete haijapotea, na wewe ukacheka tu." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Sasa siogopi tena. Kazi hii ni yangu, nitaifanya nikiwa mke na nitaifanya nikiwa bibi. Mashine siachi. Nakupenda, Davis. Pete sina. Unanioa hivihivi, au hunioi?"

"Mwanamke anaposa!" mtu alisema shimoni.

Davis alimtazama mama yake, kisha mashimo, kisha mwanamke huyu mwenye mchanga mpaka kwenye nyusi. "Nilipaswa kukutetea siku ileile," alisema. "Nakuoa, Rhoda. Hivyohivyo ulivyo."

Wachimbaji walishangilia, kisha wakaendelea kuchimba.

Mama Davis aliingia garini, akaketi katikati ya kiti cha nyuma, akatandaza gauni lake pande zote mbili na kufunga mlango. Davis alitaka kumsogelea. Rhoda akamshika mkono.

"Niachie mimi."

Akafungua mlango mwenyewe, mashine begani.

"Naomba nafasi, mama. Tuko wawili, mimi na hii."

Mama Davis aliitazama ile mashine kuanzia juu mpaka chini. Akakusanya gauni lake, akasogea.