Friji ya Bi Masouda

Ndugu zangu wa Maskati, habari za umeme wa boti msimuulize mtu mwingine. Nipo mimi, Loai. Boti nikiisimamia mimi, taa haizimiki.

Ami yangu Khattab na mkewe, Bi Masouda, wanaishi ndani ya boti iliyofungwa gatini, hapo marina. Asubuhi ni chai ya maziwa na redio ya sauti ya chini, huku paneli za sola juu ya paa zikijaza betri. Mimi nimehamia kwao tangu nimalize skuli, niwasaidie. Kuwasaidia kula, anasema ami.

Basi wiki iliyopita friji ikaanza kuzimika adhuhuri, jua kali! Msicheke: ndani mna insulini ya Bi Masouda. Binti yao, Wijdan, akaja mbio kutoka kwa mumewe, mtaa wa Hail.

"Mama, ikizimika tena nnakuchukua. Dawa ikiharibika utatufia humu."

"Sendi! Mimi nikaishi nyumba ya mkwe? Hapa ndipo kwangu, na jua langu."

"Jua lenyewe limekugomea."

Nikatoa amri. Israfu ndiyo inayotumaliza, nikasema. Kiyoyozi kizimwe, birika la umeme lifichwe, pasi marufuku! Wazee wa watu wakatoka jasho siku tatu. Ami akauliza tu, "Na simu yako, bwana mkubwa, inakula nini?" Nikaificha chaja chini ya mto.

Siku ya nne friji ikazimika vilevile. Wijdan akaleta begi. Bi Masouda akalikalia. Ndipo ami, na goti lake bovu, akapanda paani, akashusha kanzu mbili zilizofunika paneli. Betri zikaanza kujaa. Friji ikanguruma. Bi Masouda hakwenda popote.

FUNZO

Jamani, kivuli cha nguo moja kinaweza kuuangusha umeme wa paa zima. Kabla hujamnyima mzee wako kiyoyozi, panda ukatazame juu. Zile kanzu, bila shaka, zilipeperushwa na upepo kutoka...

"Upepo gani?" Ni Semeni, dada wa Kitanzania anayesafisha boti ya jirani, kumbe anasoma begani kwangu ninavyoandika. "Kaka Loai, si wewe unazitandaza juu ya paneli kila asubuhi tangu wiki iliyopita? Ulinichekea kabisa, ukasema: kioo cha paneli kina moto, kanzu inanyooka bila pasi!"

Ami Khattab, nyuma yake, ananyoosha mkono.

"Lete kalamu."